Seti ya roketi kubwa ya burudani: mwili upi, mapezi mangapi na parachuti ipi kwa nyanda zetu za juu kusini?

SeremalaWaUyole (Mbeya) anauliza:

Salamu kwenu nyote. Nina karakana ya useremala hapa Uyole yenye mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, na kwa muda sasa nimekuwa nikikata mapezi ya plaiwudi, na pete zinazoushika mrija wa mota katikati ya mwili, kwa ajili ya wapenzi wa roketi walioko Afrika Kusini, ambao huniletea michoro yao nami huwakatia kama walivyochora. Sasa ninataka kubuni seti yangu mwenyewe, na si ya roketi ndogo ambazo mtoto huzirusha kwenye uwanja wa mpira, bali ya roketi kubwa inayobeba mota ya daraja la H au la I. Kwa wasiozoea herufi hizi, kila herufi hubeba jumla ya msukumo hadi maradufu ya ile iliyoitangulia: G huishia niutoni-sekunde 160, H huishia 320, na I huishia 640. Ndani ya sanduku nitaweka mwili, pua, mapezi, parachuti na kamba. Mota haitakuwamo, kwa kuwa hiyo mnunuzi huipata kwa muuzaji mwenye kibali na kwa cheti chake mwenyewe.

Mchoro wa kwanza nimeufanya katika OpenRocket, programu ya bure iliyoanza kama tasnifu ya uzamili ya Sampo Niskanen nchini Ufini. Una mwili mwembamba wa milimita 54, mapezi matatu yaliyolala nyuma kama mabawa ya mbayuwayu, na parachuti moja inayofukuzwa na mota yenyewe pindi muda wake wa kusubiri unapokwisha. Kwenye kompyuta, ikiwa na mota ya H ya wastani, inapanda karibu mita 900.

Ningependa seti hii irushwe kwanza hapa kwetu kabla ya kuipeleka sokoni, na ndiyo maana ninaliweka suala hili mbele yenu badala ya kuwauliza watu wa pwani au wa nje. Je, mwili huo mwembamba unatufaa, au niupanue? Mapezi yawe matatu au manne? Parachuti moja inatosha, au niweke mbili na altimita, yaani kifaa cha kupima kimo? Tena, kuna jambo la mwinuko: Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali vipimo vya parachuti ninavyoviona kwenye maelezo ya seti za kigeni vimekadiriwa kwa hewa ya chini. Nataka kujua tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa au ni ya kupuuzwa. Mawazo ya maumbo mapya nayo yanakaribishwa, mradi yaweze kukatwa kwa plaiwudi.

MtazamaAnga (Makambako) anajibu:

Kaka Seremala, mimi ningeanza na parachuti kisha nikarudi nyuma hadi kwenye pua, yaani kinyume cha ulivyochora. Nilipata cheti cha ngazi ya kwanza cha kurusha roketi kubwa nilipokuwa masomoni Uingereza, ambako watu hurushia kwenye mashamba mapana yaliyo tambarare. Huku kwetu ardhi ya namna hiyo ni haba, na hilo peke yake linapaswa kuongoza usanifu wako wote.

Chukua mchoro wako wa mita 900. Roketi ikifungua parachuti kubwa kileleni na kushuka kwa mita 6 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya kutua salama, itakaa hewani sekunde 150. Kwa upepo wa mita 6 kwa sekunde, ambao kwa sisi wa Makambako ni upepo wa kawaida wa mchana, itasogea mita 900 kutoka iliporushiwa. Niambie ni shamba gani kati ya Mbeya na Mafinga ambalo ukitembea mita 900 kuelekea upande wa upepo hujaingia kwenye misonobari, kwenye mahindi ya jirani au kwenye korongo. Ndiyo maana mwili wa milimita 54 sikushauri. Ni umbo la kutafuta kimo, na kimo si shida yetu.

Panua mwili. Ukichukua milimita 110, na uzito wa kilo 2.2 baada ya mota kuungua, mota ya H yenye niutoni-sekunde 200 itaipandisha kwa makadirio yangu mita 250 hivi kwa hewa ya Mbeya, na mota ya I yenye niutoni-sekunde 500 itaifikisha karibu mita 700. Kwa H, parachuti moja inatosha kabisa: sekunde 42 za kushuka, mita 250 za kusogea kwa upepo uleule, na watazamaji wanaiona tangu inaondoka hadi inagusa ardhi. Kwa I weka altimita yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa na uruke na parachuti mbili. Ile ndogo inafunguka kileleni na kuishusha kwa mita 20 kwa sekunde, kisha ile kubwa inafunguka ikiwa imebaki mita 200. Hesabu inakuwa sekunde 25 za mwanzo na 33 za mwisho, yaani mita 350 za kusogea, ilhali parachuti moja ingeipeleka mita 700. Kwa hiyo ningetengeneza seti ya ngazi mbili: sanduku la msingi kwa anayeanza na H, na sanduku dogo la nyongeza lenye chumba cha altimita kwa atakayetaka kuendelea, bila kumlazimisha kununua roketi nyingine.

Kuhusu mwinuko, tofauti ni ya kuzingatiwa. Kwenye mita 1,700 uzito wa hewa ni kama kilo 1.04 kwa mita ya ujazo, wakati usawa wa bahari ni 1.225, maana yake tumepungukiwa na takriban asilimia 15. Parachuti iliyokadiriwa kushusha roketi kwa mita 6 kwa sekunde kule pwani, hapa itaishusha kwa mita 6.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nishati ya kugonga ardhi hupanda kwa mraba wa kasi, hivyo pezi linapokea kishindo kilichozidi kwa karibu asilimia 18. Kwa kilo 2.2 na kigezo cha ukinzani wa hewa cha 0.8, pwani ungeshona parachuti ya kipenyo cha sentimita 125. Mbeya ishone ya sentimita 136, na kwa watu wa Njombe walio juu zaidi yetu iweke 140 uwe umemaliza. Usiogope kuiandika kwenye maelezo ya seti kama jedwali dogo la mwinuko na kipenyo, kwa maana seti za kigeni nilizozifungua hazina kitu hicho.

Hewa nyepesi ina athari nyingine mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza ni kwamba roketi hupanda kwa muda mrefu zaidi baada ya mota kuzima, kwa hiyo muda wa kusubiri wa mota uliochaguliwa kwa hesabu za usawa wa bahari utakwisha kabla ya kilele, na parachuti itafunguka roketi ikiwa bado ina kasi. OpenRocket ina sehemu ya kujaza mwinuko wa uwanja. Ijaze kabla ya kuamini namba yoyote. Ya pili inahusu uthabiti. Umbali kati ya kitovu cha uzito na kitovu cha kani ya hewa, yaani mahali ambapo msukumo wa hewa ubavuni hujumlika, haubadiliki kwa mwinuko, na kanuni ya kuweka kitovu cha hewa nyuma kwa kipenyo kimoja hadi viwili vya mwili inabaki vilevile, ila nguvu ya mapezi ya kuirudisha roketi kwenye mstari inapungua pamoja na hewa. Kwa hiyo kasi ya kutoka kwenye reli, ile nguzo inayoiongoza roketi inapoondoka, ina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wenzetu wa chini.

Hapo usikubali kubahatisha. Roketi ya kilo 2.5 wakati wa kuondoka ina uzito wa niutoni 24.5, na desturi inataka msukumo wa wastani usiopungua mara tano ya huo, yaani kama niutoni 123. Kwa msukumo huo roketi huongeza mwendo kwa karibu mita 39 kwa sekunde kila sekunde, na kwenye reli ya mita 1.8 itatoka ikiwa na mita 12 kwa sekunde tu. Upepo wa mita 6 unaipiga ubavuni kwa pembe ya digrii 27, na hapo hata mapezi mazuri hayana la kufanya haraka. Kwenye reli ya mita 3 inatoka na mita 15 kwa sekunde. Andika kwenye maelezo ya seti kwamba reli iwe ya mita 3, na mwenye reli fupi achague mota yenye msukumo wa mara nane ya uzito au zaidi.

Mapezi yawe manne. Mwili mpana na mfupi unayakubali vizuri, na kila pezi linaweza kuwa fupi zaidi kwa uthabiti uleule, jambo linaloyaepusha na kuvunjika. Lakini yale ya mbayuwayu yaondoe: ncha inayovuka mkia ndiyo inayogusa ardhi kwanza. Mwisho wa nyuma wa pezi uishie sentimita mbili au tatu kabla ya mkia, ili mdomo wa mrija na kifungio cha mota vipokee kishindo.

KijanaWaSoweto (Mbeya) anajibu:

Shikamooni wakubwa. Naelewa hesabu za kaka wa Makambako, lakini naomba nipinge kidogo. Mtu anayenunua seti ya roketi kubwa anataka kitu kinachopanda hadi kipotee machoni, siyo pipa linaloishia mita 250. Kwenye video za wenzetu wa Marekani, roketi nyembamba ambayo mwili wake ndio unaobana mota moja kwa moja, bila pete wala mrija wa pili, ndiyo inayosifiwa. Je, Ndugu Seremala hawezi kuuza zote mbili, ile pana kwa shule na ile nyembamba kwa sisi wenye hamu?

MtazamaAnga (Makambako) anajibu:

Marahaba. Hamu yako ni halali, lakini jiulize nani atakuwa mnunuzi wa kwanza. Chini ya utaratibu wa NAR na Tripoli, vyama vya warusha roketi vya kule Marekani, mtu anayetafuta cheti cha ngazi ya kwanza anapaswa kurusha mota ya H au I na kuirudisha roketi ikiwa haijaharibika, mbele ya msimamizi. Roketi isiyopatikana haimpatii cheti, hata kama ilipanda vipi. Mnunuzi wa namna hiyo anaitaka ile unayoiita pipa, na wapo wengi kuliko wawinda rekodi. Roketi nyembamba ya mota peke yake ije baadaye, na ije na kifaa cha GPS ndani ya pua, kwa sababu ikipotea kwenye msitu wa Sao Hill hutaipata kwa macho.

MwalimuFizikia (Mafinga) anajibu:

Kamwene. Ninaunga mkono mwili mpana, nami nina sababu ya ziada, ambayo ni malighafi. Mrija wa milimita 110 unaweza kuutengeneza hapa hapa. Bomba la plastiki la maji taka la milimita 110 linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Lifanye kalibu, lizungushie nailoni nyembamba ili gundi isishike, kisha viringisha juu yake karatasi nzito ya kahawia, ile ya mifuko ya saruji ambayo huku Mufindi inatengenezwa kule Mgololo, kwa gundi ya mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene ufike milimita mbili. Ikikauka unaivua. Bomba lenyewe lisitumike kamwe kama mwili wa roketi, kwani ni zito na likivunjika hutoa vipande vikali. Kanuni za usalama za roketi kubwa zinataka vitu vyepesi kama karatasi, mbao, plastiki laini na faibaglasi, na metali laini pale tu inapolazimu. Ile mirija ya katoni inayobaki madukani vitambaa vikiisha ni migumu na ni ya bure, ila kipenyo chake hutofautiana kwa kila kiwanda, na seti ya kuuza haiwezi kusimama juu ya kipimo kinachobadilika.

Plaiwudi tunayo, na misonobari ya Sao Hill ndiyo shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, kwa hiyo hapa hatuna la kuagiza nje. Kwa mapezi ya roketi hii ningependekeza unene wa milimita 6 wenye tabaka nyingi nyembamba. Usikubali ile yenye tabaka tatu na kiini laini, maana huchanika ukingoni. Nyuzi za tabaka la nje zielekee sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikilala kufuata urefu wa mwili, pezi hupasuka karibu na mzizi kwenye kishindo cha kwanza.

Mzizi wa pezi usigundishwe juu ya mwili tu. Mashine yako inaweza kukata ulimi unaopita kwenye mwanya wa mrija hadi kugusa mrija wa mota, ukakaa katikati ya pete mbili. Hapo pezi linashikwa mahali panne: kwenye mrija wa mota, kwenye pete ya mbele, kwenye pete ya nyuma na kwenye ngozi ya mwili. Hicho ndicho kitu ambacho karakana yenye mashine inamzidi mtu wa msumeno wa mkono, na ndicho kitakachoipa seti yako bei yake. Mrija wa mota uwe wa milimita 38, kwa kuwa mota za H na I zipo kwa kipenyo hicho, na aliye na mota ya milimita 29 atumie pete ya kupunguzia ambayo nayo unaweza kuikata wewe.

Kuhusu umbo jipya, wazo langu ni chumba cha mzigo chini ya pua kinachopokea kopo la soda. Kuna mashindano ya kimataifa ya wanafunzi yanayoitwa CanSat, yaliyotokana na wazo la profesa Robert Twiggs mwaka 1998, ambapo vyombo vyote vya kupimia hukaa ndani ya kopo la kipenyo cha milimita 66 na kimo cha milimita 115. Mwili wako wa 110 unalimeza kopo hilo na kubakiza nafasi ya sponji pembeni. Mwanafunzi wa kidato cha nne akipima joto tangu ardhini hadi mita 700 atapata tofauti inayokaribia digrii nne au tano, kwa sababu kwa wastani hewa hupoa digrii 6.5 kwa kila kilomita, na hiyo ni mada iliyomo kwenye jiografia anayoisoma. Shule hununua kitu kinachoingia kwenye somo. Roketi inayoruka tu, mkuu wa shule ataiita mchezo.

SeremalaWaUyole (Mbeya) anajibu:

Mwalimu, nashukuru sana. Wazo la kalibu la bomba nitalijaribu wiki hii. Nimeshabadilisha mchoro: kipenyo milimita 110, urefu mita 1.35, mapezi manne, mrija wa mota milimita 38. Kitovu cha hewa kiko nyuma ya kitovu cha uzito kwa kipenyo kimoja na nusu nikiweka H, lakini nikiweka I ndefu umbali huo unapungua na kubaki kipenyo kimoja na kidogo.

Nina maswali mawili. La kwanza, kiungo cha ndani kinachounganisha nusu mbili za mwili nitakipataje kikiwa na kipenyo sahihi, ikiwa kalibu ni moja? La pili, katika roketi za wateja wangu nimeona kamba ikipasua mdomo wa mrija pale parachuti inapofunguka roketi ikiwa bado inakimbia. Je, kuna namna ya kulizuia hilo katika usanifu, badala ya kumwachia mrushaji?

MwalimuFizikia (Mafinga) anajibu:

Kwa kiungo, tengeneza kipande cha mrija uleule, ukipasue kwa urefu, uondoe ukanda mwembamba, kisha ukibane mpaka kingo zikutane na kiingie ndani ya mwili bila kulegea wala kukwama. Upana wa ukanda ni unene wa ukuta mara 6.3 hivi, kwa hiyo kwa ukuta wa milimita mbili ondoa kama milimita 12.5 na umalizie kwa msasa. Gundisha kingo, kisha ongeza tabaka mbili za karatasi kwa ndani ili mshono usifunguke.

Kwa kamba, kiungo hicho ndicho dawa. Desturi ya zamani ni kukigundisha kwenye nusu ya juu, na kamba inatokea kwenye mdomo mtupu wa nusu ya chini, ambao ni karatasi ya milimita mbili tu. Wewe kigeuze: kigundishe kwenye nusu ya chini, kikiwa kimefungwa kwa diski ya plaiwudi yenye pete ya chuma katikati, na tundu la kupitisha gesi ya mota. Kamba inaanzia kwenye diski, na mahali ambapo ingeweza kukwaruza ni ukingo wa kiungo chenye diski, siyo mdomo wa mrija. Urefu wa kamba uwe mara tatu hadi tano ya urefu wa roketi, ili vipande vipoteze mwendo kabla ya kuvutana.

Kuhusu I ndefu, hiyo ni kawaida, kwani mota nzito inavuta kitovu cha uzito kuelekea mkia. Pima daima na mota nzito kuliko zote utakazoziruhusu kwenye maelezo, na hapo weka gramu 100 za uzito ndani ya pua kabla ya kufikiria kupanua mapezi. Mapezi makubwa mno humfanya mwenye mota nyepesi apate roketi inayogeukia upepo mara inapoacha reli.

MamaWaTukuyu (Rungwe) anajibu:

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Nilifanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nina mambo matatu ambayo sijayaona humu.

La kwanza ni unyevu. Mrija wa karatasi uliokaushwa Mafinga mwezi wa Agosti hautakuwa na kipenyo kilekile ukiuleta Tukuyu mwezi wa Machi, kwa sababu huku mvua hainyamazi na karatasi hunywa maji kutoka hewani. Kiungo kilichoteleza vizuri kitakwama, na roketi ambayo haiachani kileleni hurudi na pua mbele. Pakeni vanishi ndani na nje ya kila mdomo wa mrija, na ndani ya kila mwanya wa pezi, kabla ya kufungasha. Parachuti nayo isikae imekunjwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa mkanda miezi yote ya masika.

La pili ni majira. Mvua zetu huanza Novemba na kwa wengi huisha Aprili, ila huku Rungwe huendelea hata Mei. Septemba na Oktoba majani ni makavu na moto wa porini ni jambo la kila mwaka, kwa hiyo mota isikaribie nyasi. Juni na Julai ndiyo miezi yenu: mahindi yamevunwa, mashamba yako wazi, na saa mbili hadi saa nne asubuhi upepo bado umelala. Baada ya saa sita upepo wa kusini-mashariki unaamka, na wa Makambako wanaujua kuliko mimi. Kanuni ya Marekani inakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, inataka eneo lililosafishwa la kipenyo cha mita 15 kuzunguka reli kwa mota za H na I, na watu wakae angalau mita 30. Kwa nyasi zetu mimi ningefyeka zaidi ya hapo na kuweka ndoo za maji. Kumbukeni pia kwamba asubuhi za Juni huku juu ni baridi kweli, Njombe na Kitulo hushuka hadi sakitu, na gundi ya epoksi iliyopakwa jioni kwenye karakana isiyo na moto haitakuwa imekauka kesho yake. Betri ya altimita nayo ikae mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

La tatu ni ruhusa. Anga lote linasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na tangu Uwanja wa Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012 ndege kubwa hupita juu ya bonde hilo. Barua iende TCAA mapema, ikitaja mahali, saa na kimo cha juu kabisa, na nakala ifike kwa serikali ya kijiji na polisi wa wilaya, maana moshi na mshindo bila taarifa huleta taharuki. Mota zenyewe husafirishwa kama bidhaa hatari na kuingiza nchini kunahitaji vibali chini ya Sheria ya Baruti, kwa hiyo anayefikiria kuzibeba kwenye begi la ndege aache kabisa. Aache pia anayefikiria kuzichanganya mwenyewe jikoni. Msivutwe na uwanda wa Kitulo kwa sababu uko wazi, kwani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Usangu ni tambarare na iko chini zaidi, karibu mita 1,000 hadi 1,100, hivyo hewa yake ni nzito kidogo kuliko ya Mbeya, lakini angalieni mpaka wa Hifadhi ya Ruaha na mashamba ya mpunga yenye maji.

KijanaWaSoweto (Mbeya) anajibu:

Shikamoo Mama. Swali dogo kwa Ndugu Seremala: rangi utaiacha kwa mnunuzi? Naona kijani cha seti nyingi kitapotea kwenye chai na kahawia itapotea kwenye mabua ya mahindi.

SeremalaWaUyole (Mbeya) anajibu:

Shikamoo Mama, nimeyapokea yote, na vanishi nitaipaka mwenyewe karakanani badala ya kumwachia mnunuzi. Kuhusu rangi, mwili utatoka bila rangi ili mtu achague, lakini parachuti nitaishona kwa vipande vya chungwa na vyeusi vinavyopishana, kwani chungwa huonekana kwenye majani na nyeusi huonekana dhidi ya mawingu, na kwenye chumba cha mzigo nitaacha tundu la kuwekea king'ora kidogo cha betri.

Sanduku la msingi litakuwa na parachuti ya sentimita 136 na jedwali la mwinuko kama alivyoshauri kaka wa Makambako. Chumba cha altimita kitakuja peke yake, chenye matundu manne ya hewa yaliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka mwili, ili upepo wa ubavuni usiidanganye altimita. Nikimaliza mrija wa kwanza kwenye kalibu nitaweka hapa uzito wake kwa kila sentimita kumi, ili kila mwenye OpenRocket aweze kuuingiza na kunikagua kabla sijakata mapezi.